Pole Moja

"Mtu haanguki ng'ambo ya chuma kinachomfika kifuani," alisema Mkuu wa kituo huku akipuliza chai yake. "Mtu anarushwa. Hakuna cha kutafuta pale. Panda, nichoree mchoro wa eneo, shuka. Saa kumi gari la mahabusu linaondoka, na fundi wako atakuwa ndani."

Sajini hakujibu haraka. Hakuwa mtu wa kujibu haraka, ndiyo maana kikosi kizima kilimwita Kobe, hata walioajiriwa jana. Aliletwa hapa kutoka kituo cha jirani kwa sababu mpelelezi wa hapa yuko likizo, na mpelelezi wa hapa yuko likizo kwa sababu wakubwa wa mji huu wa ziwani wanaamini kwamba msimu wa wageni hauna uhalifu.

"Nirudie ushahidi, mkuu."

"Tena?"

"Kichwa changu kizito."

Mkuu akaweka kikombe, akanyoosha vidole. "Kwanza, uzio. Upo pale Kibaraza cha Tai miaka nenda miaka rudi, mabomba ya kijani, kila mtu anaujua. Pili, mwongoza wageni alimwonya marehemu, akamwambia polepole. Mpiga picha aliyekuwa ng'ambo ya korongo ameisikia hiyo polepole kwa masikio yake mwenyewe. Tatu, asubuhi ya siku hiyo hiyo, kwenye Nyumba ya Kichwa Chini, marehemu alisikika akimwambia mumewe, 'Utaniua wewe.' Unataka nini tena? Aliyekufa aje asaini?"

Chumba cha mahabusu kilikuwa nyuma ya stoo, kina dirisha la kupitisha ngumi na harufu ya dawa ya choo. Fundi pancha alikuwa ameketi kwenye saruji, raba zake mpya zimeachama midomo kwa kunyang'anywa kamba. Vidole vyake vilikuwa na ule weusi wa mpira ambao sabuni haiuwezi. Watoto wao ndio waliochanga, wakawatuma wazazi wapumzike ziwani, mara ya kwanza tangu waoane.

"Kesho wanamzika," alisema kabla Kobe hajavuta kigoda. "Afande, nisaidie hilo tu. Mkitaka kunifunga, nifungeni keshokutwa. Watoto wasimfukie mama yao huku wanaambiwa baba yenu ndiye."

"Nijibu ninachokuuliza. Nani alikuwa mbele?"

"Mama watoto. Magoti yangu ni ya kuchuchumaa kwenye tairi, si ya milima."

"Uzio?"

"Uzio upi? Mnauliza huo uzio mpaka naanza kuuona. Hapakuwa na uzio. Palikuwa na kamba ya nailoni, imelegea, imelala kwenye majani. Kaivuka bila kuiona. Kageuka kuniita nije nitazame ziwa, karudi nyuma hatua, kakanyaga hewa."

"Mwongozaji alikuwa wapi?"

"Hayupo. Kafika baadaye, anahema. Mimi nimelala kifudifudi ukingoni, namwita mama watoto kama mwendawazimu. Kachungulia chini. Halafu kanipigia kelele sikioni: pole!"

"Polepole."

"Pole, afande. Moja. Kama mtu aliyekukanyaga kwenye foleni."

Kobe akainuka. Ladha ya neno hilo aliijua. Mwaka ule gari la wagonjwa lilipokosa mafuta, mke wake akakata roho kwenye kiti cha nyuma cha teksi, yeye alimwagiwa pole kwa magunia, na waliomwagia nyingi zaidi ndio walioshika ufunguo wa pampu ya mafuta. Akavuta kofia mbele, akatoka.

Alianza walikoanzia fundi na mkewe.

Nyumba ya Kichwa Chini ilikuwa imesimamia paa lake karibu na stendi ya mabasi, imepakwa rangi ya waridi, msingi uko juu unaangalia mawingu. Ndani, meza, vitanda na jiko vilikuwa vimegongomelewa juu, na mgeni alitembea penye dari, akiikwepa taa iliyochomoza miguuni kama uyoga. Kobe alipiga hatua mbili, akakumbatia ukuta.

"Pole, baba," mkata tiketi alicheka kutoka mlangoni. Alikuwa mama mnene mwenye sindano ya kufumia mkononi. "Tazama ukuta, usitazame meza. Wote huwa hivyo. Wanaume ndio wabaya zaidi."

"Mama, wewe ndiye uliyesema marehemu alimwambia mumewe 'utaniua wewe'?"

"Ndiyo. Niliulizwa: alisema, hakusema? Nikasema alisema."

"Alisemaje?"

"Hilo hawakuuliza." Mama akaishusha sindano. "Yule baba aliingia hapa, akaikamata hiyo taa kama mlevi kakamata nguzo ya umeme. Hasogei mbele, harudi nyuma. Anamwambia mkewe damu yote imehamia kichwani, akatafute daktari. Mkewe kacheka mpaka kakaa chini, anajifuta machozi na kitenge. 'Utaniua wewe! Mwaka huu utaniua!' Hata mimi zilinivunjika mbavu, nikachana tiketi ya mtu vipande viwili." Kicheko kikamkauka usoni. "Wao waliandika utaniua, basi?"

"Waliandika utaniua, basi."

"Yarabi. Na mimi nikaweka sahihi."

Kobe alitoka nje kwa kupapasa ukuta, akasimama juani mpaka ardhi ikarudi mahali pake. Kidole kimoja cha Mkuu kilikuwa kimeshakunjwa. Viwili vilibaki, na hivyo ndivyo vya kunyongea mtu.

Kivutio cha pili walichokipitia wawili wale kilikuwa Kiti cha Jitu. Hiki kilikuwa ufukweni, kimeelekea ziwa, kirefu kupita nyumba, na rangi yake ya chungwa ilipiga kelele hata kukiwa na mawingu. Kila bango la mji lilikuwa na picha yake: ukoo mzima umepanda juu, miguu inaning'inia, meno nje. Leo kilikuwa kimezungushiwa turubai. Kobe akafunua kona, akaingiza kichwa.

Miguu ya kiti ilikuwepo. Egemeo lilikuwepo. Mikono haikuwepo. Pale ilipokuwa imefungwa yalibaki matundu ya bolti, na kando ya matundu rangi ilikuwa imechunika, bado mbichi, kama goti la mtoto aliyeanguka.

"Mzee wangu! Toka hapo, kuna vyuma!"

Alikuwa Meneja wa Vivutio, anakuja mbio kwa makubazi, miwani ya jua kichwani na simu mbili mkono mmoja. Halmashauri ilikuwa imempa mji mzima auendeshe: ufuko, njia za milimani, nyumba zilizopinduliwa, hadi mabenchi.

"Kiti kimepata nini?" Kobe aliuliza.

"Ukarabati wa kawaida. Watoto walikuwa wanaparamia mikono. Sisi kwetu usalama kwanza."

"Mmeitoa lini?"

"Wiki hii. Mapema. Ilikuwa kwenye ratiba." Meneja akaivua miwani, akaifuta, akairudisha. "Tumeumia sana na lile tukio, mzee wangu. Nimetuma shada la maua kwa familia."

"Mikono mmeipeleka wapi?"

"Kwa mchomeleaji."

"Mchomeleaji gani?"

Simu moja ikaita. Meneja akaitazama kwa furaha kama mtu aliyerushiwa kamba majini. "Afande, nilidhani umetumwa kuchora mlimani. Mwongozaji anakusubiri pale chini ya njia. Jumamosi mheshimiwa anakuja kufungua msimu. Ingependeza hili jambo liwe limeshafungwa, kwa heshima ya marehemu."

"Kwa heshima ya marehemu," Kobe alirudia polepole, akalirudisha turubai kama alivyolikuta.

Mwongozaji alikuwa mwanaume wa makamo, mkavu, vigimbi vya miguu vigumu kama mchi. Wageni walimwita Dira. Alikuwa na maneno ya kazini aliyoyakariri hadi yanatoka yenyewe, hata kwa polisi.

"Karibu Njia ya Wachumba, afande. Wanapanda wameshikana mikono, wanashuka kila mtu na chupa yake ya maji."

Kobe hakucheka. Alipanda akitazama chini. Njia ilikuwa ya mawe na vumbi jekundu, imekatwa ngazi pale penye mwinuko mkali, na kila kona kulikuwa na kibao: Mti Unaofanana na Tembo, Pango la Siri, Jiwe la Matamanio. Mti haukufanana na tembo. Pango lilikuwa na mlango na kufuli.

"Siku ile ulikuwa na wageni wangapi?"

"Hao wawili."

"Hao tu?"

"Hao tu," Dira alisema, akarukia ngazi mbili kwa mpigo.

Nusu ya njia walifika Jiwe la Mwangwi. Hapa njia ilijitokeza kwenye uwazi, na mbele yao korongo lilifunguka, upande wa kushoto kuna ukuta wa jabali mtupu, upande wa kulia ziwa linang'aa mbali kama bati. Familia moja ilikuwa imejipanga kwenye ukingo wenye ukuta mdogo wa mawe. Baba akaweka viganja mdomoni, akapiga kelele ya jina lake. Jabali likalitamka tena, mara moja tu, safi, kama mtoto anayefundishwa kusoma. Watoto wakashangilia. Mpiga picha, mtu mfupi aliyeitwa Tabasamu kwa sababu hilo ndilo neno alilowaamuru watu siku nzima, akabofya kamera yake.

Kobe akasimama. Familia ikaondoka, ikaja nyingine, naye bado amesimama.

"Afande, mchoro uko kule mbele," Dira alimkumbusha.

"Nimesikia."

Njia ilizunguka kichwa cha korongo, ikapita benchi la kupumulia, ikaingia vichakani, ikatokea Kibaraza cha Tai. Kilikuwa kipande cha mwamba ulio bapa, upana wa chumba cha kulala, na baada yake hakuna kitu. Chini kabisa mawe yalikuwa meupe. Moja lilikuwa limemwagiwa mchanga.

Uzio ulikuwepo. Mabomba mazito ya kijani, yanamfika mtu kifuani, hayatikisiki. Kobe aliushika ili achungulie, na alipoondoa kiganja, kiganja kikachelewa kuachia. Akakitazama. Kilikuwa na mstari wa kijani.

"Umepakwa lini?"

"Kila msimu unapakwa."

"Sikuuliza kila msimu."

Dira akakohoa. "Mimi kazi yangu ni miguu, afande, si rangi."

Kobe akachuchumaa kwenye nguzo. Sahani ya chuma iliyoshikilia nguzo ilikuwa imeota kutu, na matundu kwenye mwamba yalikuwa ya zamani, lakini bolti zilikuwa mpya, zinang'aa kama meno ya dhahabu. Akatoa ufunguo wa nyumba yake, akaanza kukwangua bomba upande wa chini, taratibu, kama mtu anayeparua samaki. Kijani laini kikajikunja kwenye ncha ya ufunguo. Akaendelea. Chini ya kijani ikatokea rangi nyingine, ngumu, inayopiga kelele.

Chungwa.

Akazidi kukwangua. Chini ya chungwa kulikuwa na kijani tena, cha kale, kimepasukapasuka kama kisigino.

Akakaa chini kabisa, akayatafakari yale mabomba. Kijani cha kale: yalizaliwa hapa. Chungwa: yakahama. Kijani kibichi: yakarudi. Na katikati ya kuhama na kurudi, mama mmoja aligeuka kumwita mumewe atazame ziwa. Akabandua vigamba viwili vyenye matabaka yote, kimoja akakitia ndani ya kiberiti, kingine akakisukuma kwenye mshono wa kofia, maana alikuwa amefanya kazi na wakuu wa kutosha.

Maneno ya kazini yalikuwa yamemkauka Dira. Alikuwa anatazama ule mkwaruzo kama mtu anayetazama jipu lake mwenyewe likipasuliwa.

"Baki hapa," Kobe alimwambia. "Mimi narudi kwa mpiga picha. Ukisikia filimbi yangu, sema kama ulivyosema siku ile. Neno lile lile, sauti ile ile."

"Kwa nini, afande?"

"Kukamilisha mchoro."

Tabasamu alikuwa peke yake alipofika, anafuta kioo cha kamera. Kobe akaketi kwenye ukuta mdogo, akavua kofia. Kutoka hapa Kibaraza cha Tai hakikuonekana, vichaka vilikifunika chote.

"Hukuona kitu siku ile."

"Sikuona, mzee. Na picha zangu nazo hazina kitu, wateja wanataka ziwa nyuma yao, nani anataka vichaka? Nilisikia tu. Niliwaambia polisi."

"Niambie na mimi."

"Sauti ya kiume. Polepole. Basi."

"Kabla ya hiyo polepole ulisikia nini?"

"Kelele za watu. Hapa ni mahali pa kupiga kelele, mzee wangu, ndiyo biashara yetu."

"Kelele gani?"

Tabasamu akatabasamu kidogo kwa kukumbuka. "Kulikuwa na mzee mmoja anaita 'Mama watoto! Mama watoto!' Anaita, jiwe linamrudishia, anaita tena. Mimi na wateja wangu tulicheka. Tukasema huyu kampenda mkewe mpaka analitangazia jabali. Mama mmoja akamwambia mumewe, 'Unaona wenzio?'" Mkono uliokuwa unafuta kioo ukasimama. "Mzee. Yule alikuwa..."

"Polepole ilikuja kabla ya hizo kelele, au baada?"

Mpiga picha akalamba midomo. "Baada. Alikuwa ameshaita weee. Baada."

"Unamwonya mtu asianguke wakati mumewe ameshaanza kumlilia?"

"Mimi sikufikiria hivyo. Sikuulizwa hivyo."

"Simama hapa. Sikiliza."

Kobe akapiga filimbi. Ikapita kimya kifupi, kisha sauti ya Dira ikaja kutoka vichakani.

"Polepole!"

Jabali likalidaka kabla halijaisha. Mwisho wa neno la kwanza ukapandana na mwanzo wa lile la kurudi, likawa fujo, popolelepole, kama watu wawili wanaogombania mlango mmoja.

Tabasamu akakunja uso. "Hapana. Siku ile halikuwa hivi. Lilikuwa safi. Pole, halafu pole. Mawili, yamenyooka."

Kobe akaweka viganja mdomoni. Hakuwa amepiga kelele namna hiyo tangu siku ya teksi. "Sasa sema pole! Moja tu!"

"Moja tu," jabali lilisema.

Vichakani kukawa kimya. Ndege mmoja akaruka. Kobe akapiga filimbi tena, kwa nguvu, na bado kimya. Alipokwisha kukata tamaa, neno likatoka. Safari hii halikuwa la kazini.

"Pole!"

"Pole," jabali likasema.

"Hiyo," Tabasamu alinong'ona. Alikuwa ameishikilia kamera kifuani kwa mikono yote miwili. "Ndiyo hiyo hiyo. Yesu wangu, ndiyo hiyo. Jiwe ndilo lililosema ya pili."

Kobe alimkuta Dira ameketi chini ya uzio, mgongo kwenye bomba, kijani kimemchafua shati na hana habari.

"Nieleze," alisema, akaketi mbele yake.

"Waliung'oa mwezi uliopita. Meneja alisema mabomba ya mikono ya Kiti hayajafika na mheshimiwa anakuja. Huku juu nani anaona? Wakafunga kamba. Nikaambiwa wageni niwasimamishe kwenye benchi, niwaambie njia imeishia hapo."

"Uliwaambia?"

"Nilikuwa na makundi mawili, afande. Wenzangu wamepunguzwa wote. Kundi la nyuma kuna bibi kashikwa na kifua. Nikawaambia hawa wawili tangulieni mpaka benchi, mtanisubiri hapo. Sikuwaambia kwa nini. Tumekatazwa kuwatia wageni hofu." Akajifuta pua kwa mkono wa shati. "Niliposikia zile kelele nilijua. Nimekimbia huku najua."

"Na polepole ulitunga wewe?"

"Mimi?" Dira akacheka kicheko kibaya. "Mimi sikuwa na uongo wowote. Meneja ndiye aliyeniita jioni. Akaniambia, 'Tabasamu amesema kasikia polepole. Kwa hiyo ulimwonya. Si ulimwonya?' Na usiku ule wakatuma watu wakabeba mikono ya Kiti huku juu. Asubuhi polisi walipopanda, uzio upo na onyo lipo. Kilichokuwa kimebaki ni mtu wa kusukuma."

"Ulinyamaza ukijua yule mzee atanyongwa."

"Nilidhani atafungwa tu," Dira alisema, akasikia mwenyewe alichokisema, akainamisha kichwa.

Gari la mahabusu lilikuwa limeshawashwa waliposhuka, linatetema mbele ya kituo na kumwaga moshi kwenye maua ya Mkuu. Fundi pancha alikuwa ameshaletwa mlangoni, pingu mkononi, raba zinaburuzika. Kobe alimpita bila kumtazama, akaingia ofisini na Dira nyuma yake, akaweka mchoro mezani. Juu ya mchoro akaweka kiberiti.

"Nilikutuma uchore," Mkuu alisema.

"Nimechora. Uzio nao upo, nimeandika umewekwa baada ya kifo. Fungua kiberiti."

Mkuu alifungua. Alikigeuza kigamba kwa kucha, kijani, chungwa, kijani, na usoni mwake kikapita kitu kilichokuwa karibu kuwa aibu. Kobe akamweleza yote, kwa mpangilio, bila kupandisha sauti: taa na kicheko, bolti mpya, jabali na neno moja. Dira akaulizwa kama ni kweli. Dira akasema ni kweli.

Simu ya mezani ikaita. Mkuu aliinua, akasimama kabisa, akafunga kifungo cha shingo kama anayeonekana. "Ndiyo, mheshimiwa. Ndiyo. Hapana, mume hahusiki. Uzembe, mheshimiwa. Uzembe wa mwongozaji. Kabisa. Kiti kitakuwa tayari, nimeambiwa mabomba mapya yameshafika." Akaweka simu, akaifunika kwa kiganja muda kidogo, kama anaizuia isiseme tena.

"Mfungulieni yule mzee," aliamuru. "Na huyu mvueni kamba za viatu."

"Mkuu," Kobe alisema. "Aliyeng'oa uzio hakuwa huyu."

"Gari haliwezi kuondoka tupu, Kobe. Umefanya kazi nzuri. Usiiharibu."

Mkuu akakichukua kiberiti, akakitia mfukoni mwake.

Dira hakubisha. Aliinama mwenyewe, akavuta kamba kutoka kwenye buti zake za mlima, akazikabidhi, akapanda gari akishika bodi pande zote mbili kama anapanda ngazi za njia yake. Mlango ukafungwa nyuma yake.

Fundi pancha aliketishwa kwenye benchi la nje. Askari alimrudishia kamba zake zimekunjwa pamoja, na yeye akazipokea, akaanza kuzipitisha kwenye matundu, moja moja. Basi la mwisho la kwao lilikuwa bado halijaondoka. Angewahi mazishi.

"Kamba ya nailoni waliiokota?" alimwuliza Kobe bila kuinua kichwa.

"Hapana."

"Nani aling'oa vile vyuma?"

"Ninakwenda kumwuliza sasa hivi," Kobe alisema, na akagusa ukingo wa kofia yake, kwenye mshono.

Mlango wa ofisi ukafunguka. Mkuu akatoka amevaa kofia rasmi, amejipangusa mdomo, akaja mpaka mbele ya benchi. Akanyoosha mkono.

"Pole sana, mzee wangu," alisema.

Fundi pancha alikaza fundo la kamba, akalijaribu, likashika. Ndipo akainua macho, si kwa Mkuu, bali kwa Kobe.

"Umemsikia?" alisema. "Na huyu naye kafika baadaye."